Wanyonyi watatu bungeni, lakini ndugu ni nani?

Na MWANDISHI WETU

SIMAMA Matulo, wadi iliyo katika eneo bunge la Webuye Magharibi, Kaunti ya Bungoma, siku ambayo watu wamejaa sokoni, kisha uite kwa sauti: "Wafula!" Wanaume kadhaa watageuza shingo. Ita "Wekesa!" na wengine watageuka. Jaribu "Simiyu" au "Wanyonyi" na mambo yatakuwa yale yale. Mgeni aliyetoka mbali atadhani kwamba soko zima ni wajukuu wa mzee mmoja. Mwenyeji atacheka, kwa kuwa anajua kwamba watu hao huenda hawana udugu wowote. Walichoshirikiana ni msimu wa kuzaliwa.

Jambo hilo lingekuwa la kuchekesha tu kama si siasa. Majina hayo hayo yanayojaa sokoni ndiyo yanayojaa kwenye karatasi za kura, kwenye milango ya ofisi za serikali na katika vitabu vya kumbukumbu za Bunge. Na huko mtu asiyeyafahamu hukosea vibaya.

Chukua mfano wa uchaguzi mkuu wa Agosti 9, 2022. Watu watatu wenye jina la Wanyonyi walichaguliwa kuingia Bunge la Taifa. Wa kwanza ni Ferdinand Wanyonyi wa eneo bunge la Kwanza, Trans Nzoia. Wa pili ni Martin Pepela Wanyonyi wa Webuye Mashariki, jirani kabisa na Matulo. Wa tatu ni Tim Wanyonyi wa Westlands, jijini Nairobi. Mwezi uliofuata Bunge hilo likamchagua Moses Wetang'ula kuwa Spika.

Sasa msomaji, hebu jiulize: kati ya hao wanne, ndugu ni akina nani? Mtu anayesoma majina tu atajibu haraka kwamba ni akina Wanyonyi. Jibu la kweli ni kwamba Tim Wanyonyi ni mdogo wake Spika Wetang'ula. Majina yake kamili ni Timothy Wanyonyi Wetangula. Yule anayeonekana kuwa wa mbali ndiye wa damu, na wale wanaofanana kwa jina ni kila mmoja na kwao.

Hicho ndicho kitendawili cha majina ya magharibi mwa Kenya. Katika makala haya tutakitegua, kisha tutatazama jinsi wenzetu wa sehemu nyingine za Kenya, Uganda na hata Marekani wanavyokumbana nacho. Mwisho tutaona kwa nini kila mpiga kura, na kila mwanafunzi anayejiandaa kuwa mpiga kura, anapaswa kukijua.

KALENDA NDANI YA JINA

Miongoni mwa Wabukusu, ambao ndio wengi Bungoma na sehemu kubwa ya Trans Nzoia, mtoto hupewa jina linaloeleza alizaliwa wakati gani au katika hali gani. Mvua ikinyesha, mvulana huitwa Wafula na msichana Nafula. Wakati wa mavuno huzaliwa Wekesa na Nekesa. Kiangazi kikipiga huzaliwa Simiyu na Nasimiyu. Njaa ikibisha hodi huja Wanjala na Nanjala. Wanyonyi ni mtoto wa palizi, wakati magugu yanapong'olewa shambani, na Nakhumicha ni msichana wa msimu wa kupanda.

Hali nazo hazikusahauliwa. Nzige walipovamia nchi walizaliwa akina Wasike na Nasike. Mama akijifungua safarini, mtoto huitwa Wangila au Nangila, maana yake aliyezaliwa njiani. Na nyumba iliyokuwa na pombe ya sherehe siku ya uzazi ilimpata Wamalwa au Namalwa.

Msomaji wa mjini ambaye hajawahi kushika jembe aelewe kwamba kalenda hiyo ina mantiki yake. Mahindi ya Trans Nzoia na Bungoma hupandwa mvua ndefu zinapoanza, mwezi wa Machi au Aprili. Palizi hufuata Mei na Juni. Mavuno huja kuelekea mwisho wa mwaka, na baada ya hapo ni kiangazi hadi Februari. Kwa hiyo mzee aliyezaliwa kabla ya vyeti vya kuzaliwa kuwa jambo la kawaida aliweza kukisia mwezi wake kwa jina lake tu.

Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba si kila Wafula alizaliwa mvua ikinyesha. Mababu nao hurithiwa. Mtoto wa Januari, jua likichoma, anaweza kuitwa Wafula kwa sababu ndilo jina la babu yake aliyefariki. Hapo jina linakuwa kumbukumbu ya mzee, na mvua ni ya mzee huyo.

Kwa utaratibu huo, watoto wanne wa tumbo moja waliweza kuwa na majina manne yasiyofanana hata kidogo: mmoja Simiyu, wa pili Wafula, wa tatu Nanjala na wa nne Wekesa. Na kule bonde la pili, familia isiyohusiana nao kwa lolote ilikuwa na Simiyu wake na Wafula wake. Jina halikukusudiwa kueleza ukoo. Kazi hiyo ilikuwa na wenyewe.

UKOO ULIULIZWA VINGINE

Kabla ya vitambulisho, Mbukusu alitambulishwa kwa mambo matatu: baba yake, ukoo wake, ambao wao huuita ekholo, na rika lake la tohara. Marika hayo ni manane nayo huzunguka: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Rika la mwisho likiisha, la kwanza hurudi.

Ndiyo sababu swali la kawaida kwa kijana anayejitambulisha kwa wazee halikuwa "Jina lako nani?" pekee. Akishasema yeye ni Wafula, huulizwa: "Wafula wa nani?" Akimtaja baba, huulizwa ukoo. Hapo ndipo wazee hujua kama huyu ni mwana, mkwe au mgeni.

Umuhimu wa swali hilo ulionekana zaidi katika ndoa. Watu wa ukoo mmoja hawaoani, hata kama majina yao hayafanani. Lakini binti wa Wafula huyu anaweza kuolewa na mwana wa Wafula yule bila tatizo lolote, mradi koo zao ni mbalimbali. Kijana wa leo anayetazama jina la mwisho tu kwenye kitambulisho anaweza kumkataa asiyehusiana naye, na kumposa dada yake.

MVUA ILIYOJAA OFISINI

Baada ya kujua hayo, sasa tazama orodha ya akina Wafula waliopata kushika nyadhifa au kutajwa katika siasa za Kenya.

Wafula Wabuge alikuwa mwanasiasa wa Kitale wa miaka ya mwanzo ya uhuru, na baadaye akawa balozi wa Kenya nchini Marekani. Wafula Buke aliongoza chama cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1987, wakati ambapo kufanya hivyo kulikuwa kujitafutia kifungo, na kifungo alikipata. Wafula Wamunyinyi aliwakilisha Kanduyi bungeni. Wycliffe Wafula Wangamati alikuwa gavana wa Bungoma kuanzia 2017 hadi 2022. Wafula Wakoli alichaguliwa seneta wa Bungoma katika uchaguzi mdogo wa Desemba 2022, kujaza nafasi iliyoachwa na Wetang'ula alipopanda kiti cha Spika.

Mwingine ni Wafula Chebukati, mzaliwa wa Trans Nzoia, aliyekuwa mwenyekiti wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, kuanzia Januari 2017 hadi Januari 2023. Ndiye aliyetangaza matokeo ya urais ya 2017, ambayo Mahakama ya Juu iliyafuta, na yale ya 2022, ambayo Mahakama iliyadumisha. Alifariki Februari 2025.

Vuka mpaka hadi Uganda na mvua ingali inanyesha. Wafula Oguttu, mmoja wa waanzilishi wa gazeti la The Monitor mwaka 1992, alikuwa Kiongozi wa Upinzani katika Bunge la Uganda kati ya 2014 na 2016. Mpaka uliochorwa na Waingereza uliwagawa watu, lakini haukugawa majina yao.

Akina Wafula hao wote si ukoo mmoja. Kwa wengi wao Wafula hata si jina la baba. Ni jina la mtu mwenyewe, naye baba hufuata: Buke, Wabuge, Chebukati, Oguttu. Hivyo anayesema "akina Wafula wametawala" amesema sawa na anayedai kuwa watu waliozaliwa Aprili wametawala.

Akina Simiyu nao ni vivyo hivyo. Gavana wa kwanza wa Trans Nzoia, aliyehudumu kutoka 2013 hadi 2022, ni Patrick Simiyu Khaemba. Katika miaka hiyo hiyo mbunge wa Tongaren alikuwa Daktari Eseli Simiyu. Kwa mmoja Simiyu ni jina la katikati, kwa mwingine ni la mwisho. Jua ni lile lile, lakini limewaka katika nyumba mbili.

WAMALWA DHIDI YA WAMALWA

Hakuna jina lililowachanganya watu wa Kitale kama Wamalwa, na sababu yake ni kwamba hapa upo ukoo wa kweli wa kisiasa.

Michael Kijana Wamalwa alizaliwa Novemba 25, 1944, karibu na Kimilili. Babake, William Wamalwa, alikuwa mwanasiasa mwenye sauti wakati wa uhuru. Kijana alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Aliingia Bungeni 1979, akawa kiongozi wa Ford-Kenya baada ya kifo cha Jaramogi Oginga Odinga mwaka 1994, na akawania urais 1997. Januari 2003 aliteuliwa Makamu wa Rais katika serikali ya Mwai Kibaki. Hakudumu. Alifariki London Agosti 23, 2003, miezi minane tu baada ya kuapishwa.

Mwaka 2007 mdogo wake, Eugene Wamalwa, alichaguliwa mbunge wa Saboti, kiti alichokuwa nacho kaka yake. Baadaye alikuwa Waziri wa Haki, kisha akaongoza wizara za Maji, Ugatuzi na Ulinzi. Hapo jina Wamalwa lilikuwa limeacha kuwa la msimu wa pombe. Lilikuwa bendera ya familia.

Mwaka 2013 akaingia Chris Wamalwa, mbunge wa Kiminini katika kaunti hiyo hiyo ya Trans Nzoia. Mtu wa Mombasa au wa Nyeri aliposikia "Mheshimiwa Wamalwa wa Trans Nzoia" alidhani ni mwana mwingine wa nyumba ile. La hasha! Majina yake kamili ni Chrisantus Wamalwa Wakhungu, na kwake Wamalwa ni jina la katikati.

Kilele cha mambo kilikuwa uchaguzi wa 2022. Chris Wamalwa aliwania ugavana wa Trans Nzoia kwa tiketi ya Ford-Kenya, chama ambacho marehemu Kijana Wamalwa alikiongoza. Mpinzani wake alikuwa George Natembeya wa DAP-K, chama kilichohusishwa na Eugene Wamalwa. Kwa hiyo mpiga kura aliyetaka kuienzi nyumba ya Wamalwa alikuta jina Wamalwa liko upande mmoja, na ndugu wa Wamalwa yuko upande wa pili. Natembeya ndiye aliyeshinda.

Wapiga kura wa Trans Nzoia hawakudanganywa na jina siku hiyo. Lakini fikiria eneo ambalo watu hawajuani hivyo, na wagombea wawili wana jina moja kwenye karatasi ya kura.

REJISTA ILIYOGANDISHA MAJINA

Ilikuwaje basi jina la msimu likageuka kuwa jina la familia? Kwa ufupi, walioligeuza walikuwa ni mwalimu, padri na karani.

Wamisionari wa Friends walifika Kaimosi mwaka 1902, na baadaye wao na wenzao Wakatoliki wakaeneza makanisa na shule hadi Bungoma. Mtoto aliyebatizwa alipewa jina la Biblia au la mtakatifu: Moses, Timothy, Elijah, Henry. Alipofika shuleni, rejista ilitaka jina la pili, naye akaandika la baba. Kisha serikali ya kikoloni, baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ikawalazimisha wanaume Waafrika kubeba kipande, karatasi iliyohifadhiwa ndani ya kijaluba cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Karani aliandika alivyosikia, na alichoandika kikawa sheria.

Kuanzia hapo nyumba zikagawanyika kimajina. Kuna aliyeandikisha jina lake mwenyewe na la baba. Kuna aliyechukua la babu. Kuna aliyeacha la baba kabisa akabaki na lake na la ubatizo. Kwa hiyo mmoja akawa Wetang'ula na mdogo wake akajulikana kwa Wanyonyi, bila ya yeyote kati yao kumkana mzazi.

Walioathirika zaidi ni wanawake. Kwa desturi, herufi za mwanzo za jina zilitosha kukuambia kama mtu ni mume au mke: Wafula ni mwanamume, Nafula ni mwanamke. Rejista haikujali hilo. Binti akapewa jina la baba au la mume kama lilivyo. Mwakilishi wa kwanza wa wanawake wa Bungoma katika Bunge la Taifa, kuanzia 2013 hadi 2017, alikuwa Reginalda Wanyonyi. Mwenzake wa Trans Nzoia wakati huo alikuwa Janet Nangabo Wanyama. Na Waziri wa Afya wa kuanzia 2022 hadi 2024 alikuwa Susan Nakhumicha Wafula. Tazama jina hilo vizuri: Nakhumicha ni la mwanamke wa msimu wa kupanda, na Wafula ni la mwanamume wa mvua. Ndani ya jina la mtu mmoja umekaa utaratibu wa nyanya zetu na utaratibu wa karani.

SI BUNGOMA PEKE YAKE

Wasomaji wa maeneo mengine wasicheke sana, kwani hata kwao yapo.

Rais wa kwanza wa Kenya alizaliwa akiitwa Kamau, mwana wa Muigai. Alibatizwa 1914 kwa jina la Johnstone, na Kenyatta likaja baadaye. Mwanawe Uhuru, rais wa nne, akalirithi jina ambalo babu yake hakuwa nalo. Lakini mpwa wa Mzee, Ngengi Muigai, aliyewahi kuwa mbunge wa Gatundu, alibaki na jina la ukoo la zamani. Damu moja, majina mawili.

Kwa akina Odinga, Raila, aliyefariki Oktoba 2025, alijulikana kwa jina Odinga. Kaka yake mkubwa anajulikana kama Oburu Oginga. Wote ni watoto wa Jaramogi Ajuma Oginga Odinga. Mmoja alichukua jina la mwisho la baba, mwingine akachukua la katikati.

Kinyume chake ni akina Ruto. William Ruto, aliyechaguliwa Rais 2022, na Isaac Ruto, gavana wa kwanza wa Bomet aliyehudumu 2013 hadi 2017, si ndugu. Isaac alipounda Chama Cha Mashinani mwaka 2016 na kisha kujiunga na upinzani, watu wa mbali waliona kana kwamba familia imefarakana. Hakukuwa na familia ya kufarakana.

Na wapo ambao jina ni moja, damu ni moja, lakini nchi ni mbili. Moody Awori, mbunge wa Funyula, ndiye aliyeteuliwa Makamu wa Rais wa Kenya Septemba 2003 baada ya kifo cha Kijana Wamalwa. Ndugu yake, Aggrey Awori, alikimbilia Uganda mbio za kuruka viunzi katika Michezo ya Olimpiki ya 1960 na 1964, akawania urais wa Uganda 2001 na akawa waziri huko hadi 2011. Alifariki Julai 2021. Katika miaka hiyo mtu angeweza kuuliza "Awori amesema nini leo?" naye akajibiwa "Yupi, wa huku au wa kule?"

Zanzibar na Tanzania Bara mambo ni mepesi zaidi, kwani mtoto aghalabu hubeba jina la baba bila kulibadilisha. Abeid Karume na mwanawe Amani, Ali Hassan Mwinyi na mwanawe Hussein: hapo hakuna wa kupotea njia.

WAMAREKANI NAO HUPOTEA

Ungedhani kwamba taifa ambalo kila familia ina jina lake moja la ukoo haliwezi kuchanganyikiwa. Hebu tutazame Marekani.

Majina matano ya ukoo yamepata kushikwa na marais wawili kila moja. John Adams na John Quincy Adams walikuwa baba na mwana. William Henry Harrison, aliyefariki 1841 baada ya mwezi mmoja tu madarakani, alikuwa babu wa Benjamin Harrison. Theodore Roosevelt na Franklin Roosevelt walikuwa binamu wa mbali sana. George Bush wawili ni baba na mwana.

Jina la tano ni Johnson. Andrew Johnson alichukua urais 1865 baada ya Abraham Lincoln kuuawa. Lyndon Johnson aliuchukua 1963 baada ya John Kennedy kuuawa. Wote wawili walikuwa makamu waliorithi marais waliopigwa risasi, na wote wawili walitoka majimbo ya kusini. Udugu? Hawakuwa nao. Akina Johnson hao ndio akina Wanyonyi wa Marekani.

Hata hivyo, kisa kitamu zaidi ni cha jimbo la Massachusetts. Wakati John F. Kennedy, rais wa baadaye, alipokuwa seneta wa jimbo hilo, palikuwa na mtu mwingine aliyeitwa vile vile, John F. Kennedy, ambaye alifanya kazi katika stoo ya kiwanda cha nyembe cha Gillette. Hakuwa na uhusiano wowote na yule tajiri. Alijitokeza kuwania uweka hazina wa jimbo, akashinda, na akakaa katika wadhifa huo kuanzia 1955 hadi 1961. Wapiga kura waliona jina wakaweka alama.

Lakini jina halisaidii kila siku. Mwaka 2013 Malik Obama, kaka wa baba mmoja wa Rais Barack Obama, aliwania ugavana wa Siaya. Huyu alikuwa na jina la kweli na damu ya kweli, na wakati huo nduguye alikuwa Ikulu ya Washington. Kura alizopata hazikufika 3,000. Watu wa Siaya walimjua Obama wa Washington, na walimjua pia huyu aliyesimama mbele yao. Hawakumchanganya mmoja na mwingine.

JINA LINAPOKUWA HUKUMU

Tofauti ya Massachusetts na Siaya ndiyo inayotuhusu. Kule watu walisoma jina. Huku watu walimtazama mtu.

Karatasi za kura za Kenya siku hizi zina picha na alama ya chama pamoja na jina, na hilo limesaidia. Lakini picha haimwambii mpiga kura kama huyu Wekesa ndiye aliyejenga zahanati au ni yule Wekesa aliyekula fedha zake. Mbunge mwenye jina la kawaida anaweza kujificha nyuma ya wingi wa wenzake. Lawama zikija, zinagawanywa kwa wote wanaoitwa hivyo. Na mwema naye anaweza kubeba dhambi za asiyehusiana naye.

Wananchi wa kawaida nao hawasazwi. Kijana anayeitwa Wanyonyi akipata kazi serikalini, majirani husema amevutwa na mheshimiwa. Akikosa karo, huambiwa aende kwa "mjomba" wake bungeni. Mheshimiwa mwenyewe hajawahi kumsikia.

Lipo pia jambo zito zaidi. Katika machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007, yaliyoua zaidi ya watu 1,000 na kuwafurusha maelfu kwa maelfu, wakiwemo wa Trans Nzoia, wasafiri walisimamishwa kwenye vizuizi vya barabarani na kutakiwa waonyeshe vitambulisho. Jina lilisomwa, na kwa jina hilo mtu akapita au akapigwa. Wale waliosoma majina hawakuuliza mwenye kitambulisho ni mtu wa namna gani. Kumhukumu mtu kwa jina huanza kwa mzaha sokoni, na tumeona mahali linapoweza kuishia.

TUFANYE NINI?

Wazazi wa mjini, wengi wenu mmewapa watoto majina ya baba kama yalivyo, na hapana ubaya. Lakini mketi nao jioni moja mwaeleze maana ya majina hayo, baba wa babu aliitwa nani, na ukoo ni upi. Nafula wa Eastlands ambaye hajui mvua gani ilinyesha siku jina lake lilipoanza amenyimwa sehemu ya urithi wake, na siku atakapotaka kuolewa maswali yatamkuta hana majibu.

Wanafunzi mnaosoma historia na uraia, msiandike "familia ya Wafula" kwa sababu mmeona Wafula watano kwenye orodha. Ulizeni kwanza majina kamili. Angalieni lipi ni la mtu mwenyewe, lipi la baba na lipi la ubatizo.

Na ninyi wapiga kura wa Matulo, Webuye, Kitale na kwingineko, mnalo swali mlilorithi kwa wazee, nalo ni zuri kuliko mabango yote ya kampeni. Mgombea akija akisema yeye ni Wanyonyi, mwulizeni: Wanyonyi wa nani? Akishajibu, mwongezeeni la pili ambalo wazee hawakuhitaji kuliuliza kwa kuwa walijuana: Wanyonyi wa kazi gani?

Asiyeweza kulijibu la pili, hata awe mwana wa nani, jina lake halitawajengea daraja.